Nairobi–New York bila kutua: kilomita 11,840, usiku mmoja mrefu, na hesabu za kupiga kabla ya kukata tiketi

Kati ya Uwanja wa Jomo Kenyatta na Uwanja wa John F. Kennedy (JFK) kuna takriban kilomita 11,840, ukipima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia. Kwa ndege ya Kenya Airways inayokwenda moja kwa moja, hizo ni saa 15 hivi kwenda, na saa 14 na ushee kurudi. Hayo ndiyo watu huulizana kwanza. Anayelipa nauli anastahili kujua zaidi: saa hizo zinahesabiwaje, kwa nini kwenda na kurudi havilingani, nani anafaidika na huduma hii, na nani afadhali apitie Doha au Amsterdam.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa anayeanzia Nairobi na kuishia New York au majimbo ya jirani, hakuna safari iliyo bora kuliko hii. Na kwa mzee, au mama mwenye mtoto mchanga, haina mshindani kabisa. Kwa waliobaki, kinachoamua ni saa za kungoja viwanjani. Kilomita haziamui kitu.

Huduma ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kuipa Kenya Daraja la Kwanza la usalama mnamo Februari 2017. Bila daraja hilo ndege za Kenya zisingeruhusiwa kuanzisha safari za Marekani. Ndege inayotumika ni Boeing 787-8, ile Dreamliner, yenye viti 234: 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Safari moja inahitaji marubani wanne wanaopokezana, wahudumu 12, na karibu tani 85 za mafuta. Ndege za aina hii kampuni inazo tisa tu. Moja ikikaa karakana muda mrefu, ratiba nzima inayumba, na siku za safari kwa wiki hupunguzwa. Kwa hiyo usidhani ipo kila siku ya mwaka. Angalia siku kwanza, ndipo uombe likizo kazini.

Sasa umbali. Ukitazama ramani ya ukutani utadhani ndege itatoka Nairobi ikate Kongo, itokee Ghuba ya Guinea, kisha ivuke Atlantiki. Sivyo. Chukua uzi, uubane juu ya tufe la shuleni kati ya miji hii miwili, utauona unavyopanda kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Niger, Algeria, Moroko, kisha bahari. Katikati ya Atlantiki unapita karibu juu kabisa ya visiwa vya Azores. Huo ndio mstari mfupi. Njia ya ndege yenyewe hupangwa upya kila siku kufuata upepo, msongamano na anga zilizofungwa. Anga ya Sudan, kwa mfano, ilifungwa Aprili 2023 vita vilipozuka, na pembe ile ikabidi izungukwe. Basi usishangae kioo cha mbele ya kiti chako kikionyesha kilomita nyingi kuliko kikokotoo cha mtandaoni. Kikokotoo kinapima uzi ulionyooka. Ndege inafuata njia.

Vikokotoo hivyo vina kasoro nyingine inayowaumiza wapokeaji. Vingi huchukua kilomita, huzigawa kwa mwendo mmoja, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dreamliner hukata karibu kilomita 900 kwa saa ikishatulia angani. Gawa 11,840 kwa 900 unapata saa 13 na dakika 9; ongeza nusu saa, unapata kama saa 13 na dakika 40. Saa nzima na zaidi imepotea hapo, kwa sababu hesabu hiyo haijui upepo, haijui ndege inavyosota ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua, wala haijui foleni ya kutua JFK alfajiri.

Upepo ndio wenye neno kubwa. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mabaharia wa pwani wangesema kwenda ni upepo wa omo, unaokupiga usoni, na kurudi ni upepo wa tezi, unaokusukuma. Ndiyo maana safari ya Desemba kwenda Marekani inachosha kuliko ya Julai, na ya kurudi Januari wakati mwingine humshangaza abiria kwa kufika kabla ya saa iliyoandikwa.

Jambo la pili ni Nairobi yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta upo mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Hewa nyepesi huyapunguzia mabawa na injini nguvu, na hewa ya joto hufanya vibaya zaidi. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 4,117, ni ndefu, lakini ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 ni nzito, kwa hiyo uzito wake hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Kuondoka usiku kunasaidia, maana hewa imepoa. Uzito ukizidi, cha kwanza kupunguzwa huwa shehena na mizigo, na ndipo abiria hufika na begi lake likafika kesho yake. Hili linaweza kutokea kwenye safari yoyote ndefu inayoanzia uwanja wa juu. Dawa yake ni ya kawaida: nguo za siku mbili, dawa zako zote, chaja, na karatasi zote za uhamiaji au za chuo ziwe kwenye begi la mkononi. Kaunta ikikupa vibandiko vya mizigo, vipige picha.

Tuje kwenye saa za tiketi, kwani hapa ndipo makosa ya gharama hufanyika. Ratiba ya uzinduzi ilikuwa hivi: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25, kuondoka New York 12:25, kufika Nairobi 10:55 ya siku ya pili. Dakika hubadilika msimu hadi msimu, ila umbo ni lile lile: Nairobi unaondoka kuelekea usiku wa manane, New York unafika asubuhi. Kwa saa zetu, hiyo ni kuondoka saa tano na dakika 25 usiku na kufika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Anayetazama haraka ataona saa saba tu za safari. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Nairobi haibadilishi saa mwaka mzima; New York hubadilisha mara mbili, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wakati wa baridi tofauti ni saa 8, wakati wa kiangazi ni saa 7. Kwa hiyo kwenda unaongeza: saa 7 za tiketi, ongeza 8, unapata 15. Kurudi unatoa: kutoka 12:25 hadi 10:55 ya kesho ni saa 22 na nusu, toa 8, inabaki 14 na nusu. Hesabu hiyo hiyo itakufaa kwa tiketi yoyote duniani.

Kosa jingine ni la tarehe. Sisi husema "ninasafiri Jumatatu usiku", na tunaelewana. Ndege ikiondoka 23:55, hiyo kweli ni Jumatatu. Ikisogezwa hadi 00:30, tiketi inasoma Jumanne, nayo ni usiku wa kuamkia Jumanne, yaani lazima uwe uwanjani Jumatatu jioni. Kuna watu wanaofika Jumanne usiku na kukuta ndege iliondoka saa 24 zilizopita, na kiti kilichoachwa hivyo hurudishwa kwa faini au hakirudishwi kabisa. Ukimwandikia ndugu tarehe ya safari, andika "usiku wa kuamkia" na utaje siku zote mbili. Kwa mzee aliyezoea kwamba siku huanza jua likizama, mwandikie kabisa saa ya kutoka nyumbani.

Kuhusu kutoka nyumbani: uwe uwanjani saa tatu kabla, na ukitokea Thika, Nakuru au Machakos ongeza nafasi ya msongamano. Safari za Kenya Airways za nje huondokea Kituo cha 1A. Mbali na ukaguzi wa kawaida, safari za Marekani zina ukaguzi wa ziada karibu na lango. Chupa ya maji uliyonunua ndani inaweza kuchukuliwa hapo, kwa hiyo beba chupa tupu au ngoja maji ya ndani ya ndege. Tangu katikati ya 2018 Marekani pia inabana poda kwenye begi la mkononi: kinachozidi mililita 350, takriban ukubwa wa mkebe mmoja wa soda, huweza kufunguliwa, kupimwa na kukataliwa. Hapa ndipo unga wa ugali, unga wa wimbi, majani ya chai na bizari ya pilau hukwama. Vyote viende kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, vikiwa kwenye pakiti zake za dukani zilizofungwa na zenye maandishi.

Mizigo ya tumboni kwa daraja la kawaida kwa desturi ni mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. La mkononi kilo 12. Soma tiketi yako kabla ya kufunga, kwa sababu nauli za chini kabisa siku hizi huja na mizigo pungufu. Pima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza. Begi moja la kilo 26 na jingine la 20 si sawa na mawili ya 23, na utalipia lile lililozidi. Usibebe nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa au kukaangwa, wala matunda mabichi. Kahawa iliyokaangwa na chai haina tabu. Miraa ni haramu Marekani, usijaribu. Chakula chochote ulichobeba kitangaze kwa afisa wa forodha: ukitangaza kisichoruhusiwa kitatupwa, na yaishe, ukificha unapigwa faini.

Ndani ya ndege. Daraja la kawaida limepangwa viti vitatu-vitatu-vitatu, nafasi kati ya safu na safu ni karibu sentimita 80. Mwenye miguu mirefu ataihisi baada ya saa ya nane. Kiti cha dirishani kinafaa anayelala; kiti cha kando ya njia kinamfaa mzee, mjamzito, na mwenye kisukari anayekwenda msalani mara kwa mara. Safu za mwisho ziepuke kama unaweza, foleni ya choo haikatiki. Mwenye mtoto mchanga aombe kitanda cha ukutani siku anapokata tiketi, kwani vitanda ni vichache na vina kikomo cha uzito. Daraja la biashara lina viti viwili-viwili-viwili vinavyolala bapa kabisa. Wa dirishani humruka jirani akitaka kutoka, lakini kwa usingizi wa saa saba kiti kile kinalipa gharama yake.

Uzuri wa Dreamliner kwa safari ndefu ni wa kweli. Shinikizo la hewa ndani huwekwa sawa na kimo cha mita 1,800 hivi, wakati ndege za zamani huenda hadi 2,400. Mita 1,800 ni karibu na kimo cha jiji la Nairobi. Kwa hiyo Mnairobi atakuwa anapumua hewa aliyoizoea, na mtu wa Mombasa au Dar atajisikia kana kwamba amepanda bara. Kichwa hakiumi sana na masikio hayasumbui. Hata hivyo hewa ni kavu: mafuta ya midomo, maji kidogo kidogo kila saa, na lenzi za macho zitolewe. Soksi za kubana zivaliwe kabla ya kuondoka, siyo baada ya miguu kuvimba, na kila saa mbili simama utembee. Aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mjamzito wamwone daktari kwanza. Kampuni nyingi hudai barua baada ya wiki ya 28.

Dirisha halina pazia. Kuna kitufe chini yake kinachogeuza kioo kuwa buluu ya giza. Kwenye safari ya kwenda utakihitaji kidogo sana, maana unaruka pamoja na usiku. Wakati wa baridi ndege huondoka Nairobi gizani, hupita Sahara gizani, huvuka bahari gizani, na huweza kutua New York kabla jua halijachomoza: usiku mmoja wa saa 15. Wengi hupewa chakula, hulala saa tano, huamka na kudhani wanakaribia, kumbe wako juu ya Moroko na Atlantiki yote iko mbele. Ushauri wetu: kula kidogo, kaa macho hadi saa mbili au tatu za mwanzo zipite, kisha lala. Ukifika, usilale tena hadi jioni ya New York. Kwa Mwislamu, swali Isha Nairobi kabla ya kupanda. Alfajiri wakati wa baridi huingia ndege ikishuka au ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji, na jua huchomoza kabla foleni haijaisha, kwa hiyo kaa na udhu na uwe na saa ya New York mkononi. Chakula maalumu huombwa angalau saa 24 kabla: MOML ni cha Kiislamu, DBML cha mwenye kisukari, AVML cha asiyekula nyama kwa upishi wa Kihindi, CHML cha mtoto.

JFK unatua Kituo cha 4. Hata kama unaendelea Minneapolis, Dallas au Columbus, uhamiaji ni hapo, mizigo unaichukua hapo, unapita forodha nayo, kisha unaikabidhi tena kwenye kaunta ya mizigo ya wanaounganisha. Hili huwapata wengi bila kujua: wanakwenda mlango wa pili mikono mitupu wakidhani mabegi yatajipeleka yenyewe. Kati ya kutua na ndege ya pili weka saa tatu, nne kama ni mara yako ya kwanza au una viza ya kuhamia. Delta, mwenza wa Kenya Airways katika muungano wa mashirika ya ndege wa SkyTeam, iko Kituo hicho hicho cha 4; kampuni nyingine utazifuata kwa treni ya uwanjani, AirTrain, ambayo kati ya vituo ni bure. Kufika asubuhi ndiyo faida kubwa ya ratiba hii, kwani siku nzima ya ndege za ndani iko mbele yako. Anayebaki mjini, teksi ya njano hadi Manhattan ina bei moja, dola 70, kabla ya ushuru wa barabara, tozo na bakshishi. Mkatae anayekufuata ndani ya ukumbi akikuuliza unakwenda wapi.

Vipi wasioanzia Nairobi? Kupitia London jumla ni karibu kilomita 12,380, Amsterdam 12,530, Dubai karibu 14,580. Yaani Ulaya inakuongezea kilomita 540 hadi 700 tu, chini ya saa moja ya kuruka; Dubai inaongeza zaidi ya 2,700, zaidi ya saa tatu. Kinachokula muda ni kungoja katikati. Wa Entebbe ana saa moja na robo hivi hadi Nairobi, wa Dar saa moja na nusu kwa kilomita 670. Ukipata ndege ya jioni inayokufikisha saa mbili au tatu kabla, Nairobi inashinda. Ukilazimika kufika mchana na kukaa hapo hadi usiku wa manane, heshima ya safari ya moja kwa moja imekwisha, na tiketi ya KLM kutoka Dar kupitia Amsterdam itakufikisha umechoka kiasi kile kile. Mzanzibari mwenye Qatar inayotoka Unguja hadi Doha naye ana kituo kimoja tu, sawa na angepitia Nairobi. Alinganishe nauli na mizigo. Anayepitia Ulaya aulize masharti ya viza ya kupita kabla ya kulipa, hasa mwenye pasipoti ya Kongo. Na daima vipande vyote viwe tiketi moja. Ukinunua Dar–Nairobi peke yake na Nairobi–New York peke yake, ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri wala haikulipi.

Kurudi ni safari nyepesi zaidi. Unaondoka mchana, jua linakimbizana nawe na kuzama mapema juu ya bahari, usiku unakuwa mfupi, na kunapambazuka ukiwa juu ya Afrika. Hapo keti dirishani. Watoto waliozaliwa Marekani wanaosafiri kwa pasipoti ya huko waombewe eTA, kibali cha kuingia Kenya, mtandaoni kabla ya safari, utaratibu ulioanza Januari 2024. Ukitua karibu saa tano asubuhi unaweza kuiwahi treni ya Madaraka ya saa tisa alasiri kwenda Mombasa: stesheni ya Syokimau haiko mbali na uwanja, na tiketi hukatwa kwa simu kwa *639#. Ikate mapema kabla hujatoka New York, na umwombe ndugu aliyeko Kenya alipe kwa M-Pesa.